Hawa Watatu ni wa Nani?

Mimi nilivuka bahari mara ya kwanza nikiwa na miezi minane, kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na kitambulisho changu kilikuwa khanga. Mama alinifunga mgongoni, akapanda, akashuka. Kama kuna mtu bandarini aliyeuliza huyo mtoto ni wa nani, aliuliza ili apate pa kuanzia kusifia mashavu. Nililikumbuka jambo hilo nikiwa nimesimama kwenye foleni bandarini Galveston, jimbo la Texas, na mfuko wa karatasi mzito kuliko begi la nguo, mbele ya binti mmoja mpole aliyetaka kujua watoto wangu nimewapata wapi.

Chanzo ni mama watoto. Aliona tangazo la meli ya kitalii: siku tano, Galveston hadi Cozumel, Mexico, na kurudi, chakula bure. Bure yenyewe ni ile ya kulipia miezi mitatu kabla, mpaka siku ya kula umeshasahau maumivu. Sisi tunaishi Houston, bandari iko mwendo wa saa moja kwa gari. Nikauliza swali moja tu la kiume: watoto wanahitaji pasipoti? Akasema hapana. Hapo ndipo ningeshtuka. Miaka niliyoishi Marekani imenifundisha kwamba neno "hapana", likihusu karatasi, lina mkia.

Mkia wenyewe huu hapa. Tangu tarehe 1 Juni 2009, anayerudi Marekani kwa bahari au kwa barabara kutoka Mexico, Kanada au visiwa vya Karibiani sharti awe na pasipoti au karatasi nyingine inayokubalika. Ila wameacha mwanya. Raia wa Marekani aliyepanda meli inayoondoka na kurudi bandari ile ile anaruhusiwa kutumia cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 hata hicho kitambulisho hadaiwi. Cheti kinamtosha, tena nakala yake inakubalika. Mke wangu alisoma mpaka hapo akafunga simu. Mimi nikafungua droo.

Droo yetu ya karatasi ina mfuko wa rambo niliokuja nao kutoka nyumbani. Tanzania imeipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini wangu ulishahama. Ndani yake mna kila kitu, kuanzia kadi ya kliniki ya binti yangu mkubwa hadi risiti ya jiko tuliloliuza. Vyeti vya wadogo wawili, waliozaliwa hapa Houston, sikuwa na haja ya kuvitafuta. Vilikuwa sebuleni ukutani, ndani ya fremu, vimepambwa kwa picha ya dubu na alama za nyayo zao kwa wino mweusi. Mgeni akija tunamwonesha. Shangazi yao alipotutembelea alilia.

Kumbe vile si vyeti. Hospitali huwapa wazazi kama ukumbusho, na serikali haivitambui hata kidogo. Cheti cha kweli hutolewa na msajili wa vizazi, nacho hakina dubu wala unyayo. Kina namba, mhuri na majina ya wazazi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwakusanya watu sebuleni waitazame kadi ya pongezi. Nikaenda kulipia vile vya kweli. Nilipotaka kuvitia kwenye fremu, mke wangu akaniangalia, nikaviingiza kwenye rambo.

Binti mkubwa ndiye aliyenitoa jasho. Ana miaka 13, kazaliwa Dar es Salaam, cheti chake ni cha RITA, wasajili wa vizazi wa nyumbani, na nchi hii aliingia kwa grini kadi. Siku nilipoapa uraia naye akawa raia papo hapo, maana sheria ya mwaka 2000 inasema mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi na mzazi wake aliye raia, anakuwa raia bila kuomba. Mimi nilikariri maswali, nikafanya mtihani, nikanyanyua mkono wa kulia mbele ya hakimu. Yeye saa hiyo alikuwa shuleni anakula piza, akabadilika uraia kabla hajamaliza kipande.

Lakini hakuna aliyempa karatasi. Cheti cha RITA kinasema kazaliwa Dar. Grini kadi inasema ni mgeni. Uraia wake upo hewani kama harufu ya pilau: unajua upo, lakini huwezi kumkabidhi karani. Kuna cheti maalumu cha uraia ambacho ningeweza kumwombea. Ada yake inazidi dola elfu moja, na kwa fedha hiyo ningempeleka Cozumel akakae. Iliyobaki ni pasipoti: dola 100, na juu yake dola 35 za karani anayepokea maombi. Hizo 35 ni za kukutazama unavyotia sahihi. Nimewahi kutazamwa bure na watu wenye vyeo zaidi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 lazima baba na mama wote wafike pamoja na mtoto, na asiyeweza kufika alete ridhaa iliyothibitishwa. Kwa hiyo mke wangu akaomba ruhusa kazini, mimi nikaomba ruhusa kazini, binti akaomba ruhusa shuleni, tukaenda kumshuhudia karani akitushuhudia. Kisha akataka karatasi zenyewe: cheti changu cha uraia, grini kadi ya mtoto, cheti cha RITA. Si kuzitazama, ni kuziweka kwenye bahasha na kuzituma. Kile cheti changu cha uraia sijawahi kumpa hata mke wangu akishike kwa mkono uliotoka kukata kitunguu. Nilikiachia polepole kama baba anayemwozesha binti kwa mtu asiyemjua.

Pasipoti ilikuja baada ya wiki tano, peke yake. Karatasi zangu zilifuata kwa bahasha nyingine, siku nyingine, ndivyo wanavyofanya. Katikati hapo palipita siku nane ambazo mwanangu alikuwa Mmarekani wa kuthibitika, nami baba yake sikuwa na cheti cha kuonesha.

Sasa tungekuwa tumemaliza. Ndipo mdogo wangu wa Dallas akapiga simu. "Kaka, shikamoo. Mchukue na mwanao basi, likizo hii ananichosha." Mwanao ni mwanawe, ana miaka 11. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu. Hata "mpwa" simwiti, mpwa ni wa dada. Yeye ananiita baba mkubwa, au alikuwa akiniita hivyo kabla shule haijamfundisha "anko", neno linaloanza kwa mjomba na kumalizikia kwa muuza magari. Mke wangu akamwongeza kwenye chumba cha pili, baba yake akatuma nauli na nakala ya cheti cha kuzaliwa, nami nikajiona mkamilifu.

Jirani yetu mmoja, Mkongomani aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, alinionya. Huyu bwana ana uzoefu wa karatasi kuliko wakili. Yeye na mkewe wote wameandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kama walivyoandikiwa wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti, kwa hiyo nyumba ile hununua keki moja kwa mwaka. Akaniambia: "Bakikuuliza jina, sema jina. Usianze kuelezea ukoo." Nikacheka. Nisingecheka.

Maana tatizo letu ni majina. Tuseme mimi naitwa Juma Hamisi Mwinyi (siitwi hivyo, mke wangu kanikataza kuandika la kweli). Juma ni mimi, Hamisi ni baba yangu, Mwinyi ni babu. Kwa hesabu za Marekani jina la mwisho ndilo la familia, kwa hiyo mimi ni Bwana Mwinyi. Watoto wangu nimewaita kama tunavyoita nyumbani: jina lake, jina langu, jina la baba yangu. Wao basi ni Hamisi. Mke wangu hakubadilisha jina alipoolewa, hakuna aliyemwambia jina lake lina kasoro, naye anatumia la babu yake upande wake. Mdogo wangu yeye ni mjanja. Mwanawe alipozaliwa akamwandikia jina la mwisho Mwinyi, "asisumbuke maishani."

Binti wa kaunta akazipanga karatasi zetu sita kama mtu anayecheza karata. Akatazama. Akamwekea alama mtoto wa mdogo wangu bila kumuuliza chochote, akatabasamu, akasema tumefanana. Halafu akawageukia wanangu wa kuwazaa, hospitali nikiwepo, na mmoja nikazimia, akauliza kwa adabu kubwa: "Na hawa watatu ni wa nani?"

Nikamwonesha vyeti vya wadogo wawili, palipoandikwa baba na palipoandikwa mama. Akaridhika. Kwa mkubwa ikawa kazi, kwa sababu pasipoti, pamoja na dola zake zote 135, haisemi mtoto ni wa nani. Ina picha ya binti aliyenuna na jina ambalo mimi sina. Nikaingiza mkono kwenye rambo. Nikatoa cheti cha RITA. Karatasi iliyotoka Dar es Salaam ikasomwa Galveston, jina langu likaonekana, na binti wa kaunta akasema asante. Nilitamani kulia. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Tulikuwa tumeshapita. Nasema tulikuwa tumeshapita, mguu mmoja wa mke wangu ulikuwa upande wa pili, binti wa kaunta alipomuuliza mtoto wa mdogo wangu, kwa ukarimu tu, kama ana furaha kusafiri na baba yake. Mtoto akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka na kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Huyu si baba yangu. Baba yangu yuko Dallas."

Angesema "baba mkubwa" wangesikia "baba" tukaenda zetu. Lakini shule imemfundisha kusema ukweli, tena kwa lugha ya karani.

Uso wa yule binti ulibadilika kama mbingu za Julai kule Zanzibar zikigeuka kuwa za Aprili. Akaita mkubwa wake. Mkubwa wake akaja na swali ambalo kila mzazi anayechukua mtoto wa nduguye alijue kabla ya kutoka nyumbani: iko wapi barua ya ridhaa ya wazazi, iliyothibitishwa na notari? Serikali inashauri mtoto asiye na wazazi wake, au aliye na mmoja tu, awe nayo. Kampuni yetu ya meli, ambayo sitaitaja, haishauri, inadai. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za tiketi, ukurasa ambao mke wangu alidhani nimeusoma, nami nilidhani yeye kausoma.

Nikaeleza ukoo. Ndiyo, nilifanya kile kile nilichokatazwa. Nilimweleza mkubwa wa kaunta tofauti ya baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, nikamchorea hata mti nyuma ya tikiti ya mizigo. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema bado anahitaji barua, na kwamba milango inafungwa saa tisa. Ilikuwa saa saba na nusu.

Kutoka Dallas hadi Galveston ni saa tano kwa gari. Kilichotuokoa ni kwamba tangu Julai 2018 Texas inaruhusu notari kufanya kazi kwa njia ya mtandao. Nyumbani kazi hiyo hufanywa na wakili mwenye mhuri na kiburi. Huku notari anaweza kuwa muuza bima. Mdogo wangu alikuwa kazini, ghalani, juu ya ngazi. Akashuka, akamwonesha notari leseni yake ya udereva kwenye kamera, akajibu maswali ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, akatia sahihi kwa kidole. Saa nane na dakika ishirini barua ikaingia kwenye simu yangu. Inasema mtoto wake ana ruhusa kusafiri na "anko" wake. Nimeipokea kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, wanavyosema. Mimi Cozumel niliiona nikiwa chini ya mwavuli, nimekumbatia rambo, maana mtoto aliyetoka kwa cheti cha kuzaliwa akiugua kule hawezi kurudi kwa ndege. Ndege inataka pasipoti. Kila aliyekohoa nilimtazama kama deni. Siku ya kurudi Galveston afisa wa mpakani alizipitia karatasi zetu, akawauliza watoto kama walikula vizuri, akaturuhusu. Hakuuliza watatu ni wa nani. Nilikuwa nimejiandaa, mti wa ukoo nimeuchora upya, safi, kwa rangi.

Mdogo wangu, najua safu hii unaisoma kazini. Barua yako ya ridhaa iliisha muda siku tuliyoshuka melini, na sasa ni wiki ya tatu mtoto yuko kwangu, anafungua friji bila kibali. Njoo umchukue mwanetu. Uje na kitambulisho.