Upanga Wangu Hauna Uchawi

Hivi jamani, kuna mazimwi hayaumii ukiyakata na panga, mlikuwa mnajua? Mie nitajulia wapi. Mpwa wangu ndo kaniingiza kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani wa tangu 1974. Mnakaa mezani na madadu na karatasi, mnajifanya mashujaa. Mie nikawa askari. Nikanunua upanga, dhahabu 15, nikavimba kichwa.

Akaja mtu anayegeuka mbwa mwitu. Narusha dadu la pande 20, inakuja 19! Nasimama kabisa, naserebuka. Mpwa hata hanitazami, anapekua kitabu. "Mjomba, umempata. Ila haumii."

Haumii vipi na nimempata?

"Upanga wako wa kawaida. Hauna uchawi, wala haujapakwa fedha."

Mnyama alikuwa na uhai 58. Jasho lote lile, bado ana 58. Kabinti ka jirani kamenyoosha kidole tu, mishale mitatu ya uchawi, hata dadu la kulenga hakarushi maana ile haikosi. Jitu linapiga yowe. Mie nang'ata penseli.

Haya, kupaka fedha bei gani? Dhahabu 100! Upanga wenyewe 15! Hiyo fedha wanaipakia hotelini?

Afadhali lile zimwi la jiwe lenye mabawa, gagoili, upanga wa kawaida unamuumiza nusu. Ukipiga maumivu saba, yanahesabiwa matatu. Nusu inayobaki wanaikata kwenda chini. Hata hesabu inanidhulumu, bwana.

Ila kinachoniua ni hiki. Mbwa mwitu huyohuyo akiporomoka gengeni, anaumia! Ukimuunguza na mwenge, anaumia! Eti ile kinga ni ya mashambulizi yasiyo ya uchawi, ya kukata, kuchoma na kuponda, na ardhi haishambulii mtu. Yaani mie na upanga wangu tumezidiwa na udongo. Udongo haujalipa hata senti.

Eti kitabu cha mazimwi cha 2025 kimeifuta hiyo kinga, siku hizi upanga wowote unamkata. Wamemwongezea uhai tu, 71. Sawa, nitakata mpaka kesho, mradi apungue. Tatizo mpwa bado yuko na kile cha 2014, kipya anasema ghali. Jirani, kama unacho hapo ndani, niazime hata wikiendi hii tu. Nitakirudisha na jalada lake.