Wahandisi wa Nafsi

Ukocha wa kujithamini, yaani kazi ya kumwongoza mtu kwa malipo hadi aamini kwamba thamani yake haipimwi kwa fedha, umekuwa kimbilio la baadhi ya wahandisi wa programu wa California, jimbo ambalo mwaka 1986, kwa msukumo wa mbunge wake John Vasconcellos aliyewakilisha eneo la Silicon Valley, liliunda tume rasmi ya kukuza hali ya watu kujithamini. Aliyekuwa akisaka hitilafu katika msimbo, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta, sasa huzisaka katika utoto wa mteja, na vikao huviuza kwa vifurushi vya mwezi, kama ilivyouzwa programu. Leseni haihitajiki, kwa kuwa sheria za jimbo hilo humdai leseni mwanasaikolojia, na hata kinyozi, ila kocha huachwa ajitangaze apendavyo. Programu ikigoma, lawama zilikuwa za mhandisi. Nafsi ikigoma, mteja ndiye huambiwa hajajitoa vya kutosha, kisha akashauriwa kulipia daraja la juu. Anayetaka kujiandikisha na aulize kwanza kama kocha huyo aliiacha teknolojia au aliachishwa kazi.