Jinsi ya Kuvumbua Mashine Bila Kujua Kushika Nyundo

Una wazo. Waya uvutwe kutoka chini ya shamba la chai hadi kituo cha kununulia majani, kikapu kipande mlima chenyewe. Lilikujia kule Manga au Nyansiongo, milimani Gusii, mgongo ukikuuma, na ni wazo zuri kweli. Shida ni moja: hujawahi kuchomelea hata bawaba ya mlango. Usivunjike moyo.

Kabla ya kumtafuta fundi, tafuta kamba. Pima mteremko. Pima kikapu kilichojaa, uandike kilo. Keti na mama anayechuna, umwulize hupanda mara ngapi kwa siku, goti humsumbua wapi, na majani yakishindiliwa guniani huharibika vipi kabla lori la kiwanda halijafika. Fundi hodari wa Kisii mjini hana habari hizo. Wewe ukizileta, umeleta nusu ya mashine, wala usikubali kuambiwa umeleta maneno matupu.

Kisha chora, hata magurudumu yakitoka na umbo la yai. Unda kielelezo kwa mabua na vizibo. Mwaka 2020 Stephen Wamukota wa Bungoma, mtoto wa miaka 9, aliunda kwa mbao kifaa cha kunawia mikono kinachoendeshwa kwa mguu, akatuzwa na Rais wa Kenya. Mbao zilimtosha.

Ukiona haya kwamba mikono ya kuunda si yako, shuka Tabaka kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Mmoja huchimba jiwe, mwingine huchonga, mwingine husugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Kinyago hakipungui thamani kwa kupita mikono mingi. Nawapenda watu wa Tabaka kwa hilo.

Sasa nenda Keroka kwa fundi, au ubishe hodi Kisii National Polytechnic, ile iliyokuwa Gusii Institute of Technology. Usimfiche fundi nusu ya wazo kwa kuhofia wizi; atakuundia nusu ya mashine. Andikianeni kabla ya chuma kukatwa: nani ananunua vifaa, nani analipwa nini, majina ya nani yataandikwa. Wazo tupu halipewi hataza (patent). Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Hataza hudumu miaka 20. Modeli ya matumizi (utility model), ambayo masharti yake ni mepesi zaidi, miaka 10. Zote mbili huombwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, Nairobi.

Hapa ndipo wenye mawazo wengi hukosea, na huniudhi sana. Fundi akibuni breki ya kuzuia kikapu kisiporomoke, huyo ni mvumbuzi mwenzako. Sheria yenyewe huwapa waliovumbua pamoja haki ya pamoja. Mwandike jina. Kumwita kibarua ni dhuluma.

Jaribio la kwanza beba mawe. Usibebe chai ya mtu, na mtoto wa jirani anayelilia kupanda mkatalie kabisa. Waya ukikatika, rudi kwa yule mama kwanza; pengine hakuhitaji kasi yote hiyo, alitaka tu mzigo uondoke mgongoni. Punguza kasi, kaza waya, pima tena. Na siku ya marudio mlipe fundi kama ulivyomlipa siku ya kwanza.