Bingwa wa Mgongo wa Mwenzie

Lusahunga, pale njia ya Rusumo inapoachana na ya Biharamulo, kijiwe hakikosi bingwa wa mieleka. Wetu anafundisha kumwangusha mtu kwa nyuma: zungusha mikono kiunoni, funga viganja, mnyanyue, piga ngwala. Haijawahi kushindwa, anasema. Ni kweli: kila anayejaribiwa ni mdogo wake, kasimama wima kama mgomba, na kaahidiwa soda.

Kwenye mieleka ya Olimpiki, kumwangusha mpinzani na kumdhibiti kwa nyuma kuna pointi 2. Swali asilolijibu bingwa ni moja: huko nyuma unafikaje? Mpinzani naye ana viwiko, na shingo yake inageuka.

Majambazi wa msitu wa Biharamulo, waliofanya mabasi yasindikizwe na polisi, hawakuhangaika na ngwala. Walikuja na bunduki, tena kwa mbele.

Nimemshauri bingwa afanye jaribio la haki: aende Ngara, aingie zizini, amkumbatie fahali kwa nyuma. Pembe ziko mbele, nadharia yake iko salama.

Kanijibu leo mgongo unamuuma.