Riba, Pokea Maua Yako

Wengine wasifu mvua na ng'ombe wa maziwa. Mimi namsifu Bibi Riba, anayelea mkopo wangu wa mashine ya kusaga, maana hapa Kenya hakuna anayenikumbuka kila mwezi kama yeye.

Masikio anayo! Desemba 2023 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na Februari kikafika 13. Dola ilikuwa imepita shilingi 160, na kila mtu akiuliza Eurobond ya dola bilioni 2 ikiiva Juni italipwa na nini. Mimi nilikuwa napima mahindi kwa debe, sijui hili wala lile. Bibi alikwisha kusikia. Simu ikalia: "Mteja wetu mpendwa..." Benki ikikuita mpendwa, shika mfuko.

Nilikwenda kulalamika. Ofisa wa mikopo, kijana mwenye adabu zake, alikoroga chai mpaka ikapoa. "Mzee, Hazina inatupa asilimia 18.46 kwa hatifungani ya miundombinu, tena bila kodi. Na Hazina haikatikiwi mkanda." Nikaufikiria mkanda wangu, ule niliouunga kwa waya, nikaona aibu kwa kuwa nilithubutu kushindana na Serikali.

Wenye wivu waliwahi kumfunga kamba. Kuanzia Septemba 2016 sheria ilimkataza kupita pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Hakugombana na mtu. Alibaki chini kama alivyoagizwa, na wenye biashara ndogo tukawa tunaambiwa fomu zetu bado zinashughulikiwa. (Yangu nadhani inashughulikiwa hadi leo.) Novemba 2019 kamba ikafunguliwa.

Wanaomwita katili hawajamwona akishuka. Shilingi ilipopata nguvu, Benki Kuu ilianza kupunguza Agosti 2024, na kufikia Desemba ilikuwa kwenye 11.25. Bibi yule aliyekwea kama tumbili akaomba gongo. Kila ngazi anapumzika, anauliza kama mfumuko wa bei umelala kweli, kama wakopaji wengine wanalipa, kama barabara ni salama. Mtu mzima hasukumwi.

Kijana wa benki ananiambia yuko njiani. Nimemwekea kigoda mlangoni pa mashine, kando ya gunia la pumba, akifika apumue.