Heko, Fomu ya Mbinu

Kriketi ina wasifiwa wengi: Sachin Tendulkar, uwanja wa Lord's, hata chai ya mapumziko. Fomu ya mbinu haijawahi kutungiwa hata nusu ubeti. Ni ile ambayo meneja wa timu ya mtandaoni, katika michezo kama Battrick na From the Pavilion, huijaza kabla ya mechi: nani afungue kupiga, nani arushe ova ipi, wapigaji washambulie au wajihami. Mechi ikishaanza, kompyuta ndiyo inayoicheza, na meneja hana la kusema tena.

Kwanza, fomu hii ni mwalimu wa hesabu asiyedai karo. Katika T20 kila timu hurusha ova 20, na mrushaji mmoja hapewi zaidi ya ova 4, wala mbili mfululizo. Kwa hiyo warushaji wasipungue 5. Mtazame meneja saa tano usiku, chai imeshapoa kando ya kibodi. Mwenye kasi amempa ova ya 1 na ya 3, akamwekea akiba ya 17 na ya 19. Wa mpira wa kuzungusha amewachelewesha mpaka ova 6 za mwanzo zipite, zile ambazo wadakaji wawili tu huruhusiwa kusimama nje ya duara. Anajipongeza, anajinyoosha, kisha anaona ova ya 18 haina mwenyewe. Aliyebaki ni kijana mmoja tu, yule aliyesajiliwa kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Anaandikwa. Fomu haiguni wala haikohoi.

Utiifu huo ndio sifa yake ya pili. Mwaka 1999, kwenye Kombe la Dunia, nahodha wa Afrika Kusini Hansie Cronje aliingia uwanjani Hove kucheza na India akiwa na kifaa sikioni, ili kocha Bob Woolmer amnong'oneze akiwa nje. Akaamriwa akivue. Fomu ya mbinu haijapata kuhitaji kunong'onezwa: iliambiwa jana, inatekeleza leo, hata kama mvua imenyesha na kiwanja kimegeuka kitu kingine.

Utiifu wa namna hiyo ulionekana Durban, kwenye Kombe la Dunia la 2003. Mvua ikinyemelea, wapigaji wa Afrika Kusini waliletewa ujumbe kwamba, mchezo ukikatizwa, shabaha dhidi ya Sri Lanka ni 229. Mark Boucher akampiga mrushaji wa Sri Lanka, Muralitharan, sita, mikimbio ikatimia 229, na mpira uliofuata akauzuia taratibu, kazi imekwisha. Kumbe 229 ilikuwa ya sare. Ushindi ulitaka 230. Mvua ikafunga mchezo, Afrika Kusini ikaaga mashindano. Boucher alifuata alichoandikiwa. Fomu nayo ingefanya vivyo hivyo, bila kulia.

Sifa ya tatu ni kutunza ushahidi. Nahodha wa uwanjani anaweza kusingizia jua, upepo au mwamuzi. Meneja akiamka asubuhi anakuta ova ya 18 imevuja mikimbio 24, na jina la kijana wa bei nafuu liko palepale alipoliandika mwenyewe.

Anaguna, anaufungua mchezo wa Jumamosi, anaanza kugawa. Ikifika saa sita usiku, ova ya 18 haina mwenyewe.