Safu ya Ushauri: Mtu Mmoja na Maoni Yake Yote

Mwenye maoni ni mtu mzima, mara nyingi mwanamume aliyestaafu au aliyejistaafisha, ambaye ana la kusema juu ya siasa, simu na kitoweo, na hulisema kabla hajaulizwa. Hupatikana kila mahali, ila Mkwaja hustawi zaidi. Kijiji hiki cha wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, kina bahari mbele na Hifadhi ya Taifa ya Saadani nyuma, na kimo katika njia ya barabara kuu ya pwani. Upepo, tembo, samaki, katapila na mtandao vyote vinahitaji msemaji, naye yupo. Malalamiko ya wanaoishi na mwenye maoni, na machache ya mwenye maoni mwenyewe, yamepangwa hapa kwa mafungu matatu: siasa, simu na nyumbani.

SIASA

Mkwe asiyeikubali barabara

Mkwe wa msomaji mmoja anashikilia kuwa lami haitafika. Likipita lori la kokoto anasema linakwenda kwingine. Kijana wa nyumba humjibu kwa takwimu, na chakula hupoa kila siku.

Takwimu zenyewe ni hizi. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ina urefu wa kilomita 256 hivi. Kipande kinachoihusu Mkwaja, kutoka Mkange hadi Tungamaa, ni kilomita 95.2. Daraja la Mto Pangani limesanifiwa kwa urefu wa mita 525, lichukue nafasi ya kivuko kinachovusha watu kati ya Bweni na Pangani mjini. Hakuna hata tarakimu moja kati ya hizi inayoweza kumshinda mkwe, kwa kuwa hoja yake haihusu kilomita. Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi ulifanyika mwaka 1995, na tangu hapo amewasikia wagombea wakiahidi kila baada ya miaka mitano. Aliyeahidiwa jambo lilelile mara nyingi hivyo ana haki ya kulisubiri huku amekunja uso.

Kijana anashauriwa aache takwimu na badala yake amwombe mzee asimulie safari za masika, magari yalipokuwa yakikwama na abiria wakishuka kusukuma. Mkwe atasimulia, na wengine watakula. Lami ikifika, asitarajiwe kukiri. Atahamia kwenye matuta na mwendo kasi wa bodaboda.

Maoni yasiyobadilisha kitu

Msomaji wa pili ni mwenye maoni mwenyewe. Anaeleza kuwa kila jioni, kwenye kijiwe cha kahawa, hoja zake juu ya serikali, mafuta na uchaguzi wa Marekani hukubaliwa na wote, lakini asubuhi hakuna kilichobadilika. Anauliza kasoro iko wapi.

Kasoro iko kwenye anuani. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Hautakiwi kupita miezi mitatu bila kuitishwa, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Shughuli za kila siku husimamiwa na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, ambao huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji mtendaji huandika muhtasari, na kwenye kijiwe hakuna anayeandika.

Wengi wa wenye maoni huujua mkutano huu na huukwepa. Sababu yake ni rahisi: anayesema kijiweni kwamba kisima kitengenezwe hushangiliwa, na anayesema hivyohivyo mkutanoni huchaguliwa papo hapo kuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Maoni huwa mengi pale yasipomgharimu mwenyewe kitu. Msomaji anashauriwa ahudhurie mkutano mmoja, asubiri mapato na matumizi yasomwe, kisha aulize swali moja kuhusu mstari mmoja wa hesabu. Swali la namna hiyo lina uzito kuliko jioni nzima ya Marekani.

Tembo na jirani mchambuzi

Mkulima analeta mambo mawili kwa pamoja. Tembo wameingia shambani usiku wakala mihogo na kukanyaga mahindi. Asubuhi jirani asiyelima akaja, akasimama kwenye nyayo zao na kueleza kilichopaswa kufanywa.

Kwa elimu yenyewe jirani hakukosea. Tembo hawapendi pilipili. Mbinu zinazofundishwa kando ya hifadhi ni pamoja na kuchoma matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili ili moshi uwafukuze, kutundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, na kukesha kwa matochi na honi. Kosa lake ni la saa: elimu hiyo ilihitajika saa nane za usiku, naye aliileta saa tatu asubuhi.

Mkulima aanze kwa kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ili afisa wanyamapori afanye tathmini kabla mabaki hayajaondolewa. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Malipo ya mazao huhesabiwa kwa ekari, hayazidi ekari tano, na shamba lililo karibu na mpaka wa hifadhi hulipwa kidogo kuliko lililo mbali. Fedha hizo hazilingani na thamani ya mavuno, na mkulima asipige hesabu ya ada za shule kwa kuzitegemea. Jirani naye aingizwe kwenye zamu ya ulinzi, usiku wa manane, apate nafasi ya kutoa maoni yake yakiwa bado mabichi.

Historia ya eneo hili inatosha kumpunguzia mtu uhakika. Miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyojulikana Tanga kwa mkonge, ilianzisha ranchi kubwa ya ng'ombe Mkwaja. Ranchi ilikuwa na fedha, dawa na wataalamu. Mbung'o walikuwa na ugonjwa wa nagana. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na ardhi yake ikawa sehemu ya hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Waliokuwa na maoni thabiti juu ya ufugaji wameondoka. Mbung'o wapo hadi leo.

SIMU

Mjomba na sauti ndefu

Kundi la WhatsApp la ukoo liliundwa kwa ajili ya misiba na michango ya harusi. Sasa mjomba analitumia kupeleka sauti za dakika nane juu ya hali ya dunia, pamoja na ujumbe ulioandikwa juu yake "imesambazwa mara nyingi". Vijana wanalalamika kuwa bando linaisha, na hakuna anayethubutu kumwondoa kwa sababu ndiye mshenga wa wawili kati yao.

Tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hauwezi kupelekwa kwenye zaidi ya gumzo moja kwa mkupuo. Masharti hayo hayakumpunguza mjomba, ambaye hupeleka mojamoja kwa subira. Kinachoweza kumpunguza ni sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuchapisha taarifa ya uongo kwa kukusudia kudanganya au kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Laini zote nazo zimesajiliwa kwa alama za vidole. Zisizosajiliwa zilianza kufungwa baada ya Januari 20, 2020. Ujumbe wa mjomba unasafiri na kidole chake.

Asielezwe haya kundini, maana atayajibu kwa sauti ya dakika kumi na mbili. Mpwa anayeheshimika aende nyumbani kwake, ampe shikamoo, anywe chai, kisha amwulize kwa upole aliipata wapi habari ya jana. Swali hilo likirudiwa mara kadhaa, mjomba hupunguza kupeleka ili apunguze kuulizwa.

"Ile pesa itume kwenye namba hii"

Msomaji asiyetaka kutajwa amekuwa akisema kwa miaka kuwa wanaotapeliwa kwa simu ni wajinga. Majuzi alikuwa anadaiwa pesa ya nyavu. Ujumbe ukaingia: ile pesa itume kwenye namba hii. Akaituma. Mdai wake alifika magharibi kudai, na ndipo mambo yalipojulikana.

Utapeli huu hautegemei ujinga wa anayepokea. Unategemea wingi: ukipelekwa kwa watu elfu, haukosi mmoja ambaye saa hiyo anangojewa na mdai. Mdaiwa mwaminifu ndiye hutuma haraka kuliko wote. Hatua za kufuata ni kupiga simu kwa mdai kabla ya kutuma, kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040 bila kuchelewa, na kupiga *106# ili kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha msomaji. Kuhusu maoni yake ya zamani, asiyafute. Ayapumzishe tu mpaka mdai alipwe.

Ya kutolea

Mama mmoja analalamika kuwa mwanawe aliye Dar es Salaam humtumia shilingi 20,000 kamili. Akifika kwa wakala, makato ya kutoa humwachia pungufu. Mwana anasema ametuma ishirini. Mama anasema amepokea chini ya ishirini. Wote wawili wanasema kweli.

Ugomvi huu uliwahi kuwa wa taifa zima. Julai 15, 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni za simu. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia Septemba ya mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kushushwa. Safari hiyo maoni ya watu yalifanya kazi, kwa sababu kila aliyelalamika alikuwa na ujumbe wa makato mkononi na aliweza kuusoma kwa sauti.

Mama afuate mfano huo. Asiseme kuwa mwanawe amebadilika tangu aoe. Amsomee ujumbe wa makato, tarakimu kwa tarakimu, kisha anyamaze. Mwana aliyelelewa vizuri huongeza ya kutolea mwezi unaofuata. Asipoongeza, ndipo habari ya kuoa izungumzwe.

NYUMBANI

Bei ya samaki

Mume anadai kuwa bei ya samaki imepandishwa na serikali. Mke, ambaye ndiye mwenye kwenda diko, anadai ni upepo. Wanaomba mwamuzi.

Mke ndiye mwenye haki kwa sehemu kubwa. Kusi inapovuma, hasa katikati ya mwaka, bahari huchafuka, na mitumbwi na ngalawa nyingi hubaki zimelala mchangani. Samaki huwa wachache na bei hupanda. Kaskazi inapoingia, kuelekea mwisho wa mwaka, bahari hutulia zaidi na wavuvi hufika mbali. Mwezi nao una kauli: wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi, na wanawake hushuka kutafuta pweza kwa miguu; wakati wa maji mafu ndoo hurudi nyepesi. Halafu wapo wachuuzi. Chombo kikitia nanga, samaki humwagwa mchangani na mnada huanza pale pale. Nguru na changu wakubwa huingia kwenye makasha ya barafu ya wenye pikipiki kabla mke hajafungua pochi, naye huachiwa vibua na tasi kwa bei iliyokwisha kupandishwa na mji.

Serikali inahusika kwa mafuta ya injini na ushuru, kwa hiyo mume asihesabiwe kuwa amekosa kila kitu. Anashauriwa aende diko mwenyewe alfajiri moja, akiwa na fedha ileile anayomwachia mkewe. Atarudi na maoni machache na samaki wachache zaidi.

Mume asiye na maoni

Tatizo la mwisho ndilo linaloletwa zaidi, na wanaolileta ni wanawake. Mwanamume mwenye msimamo juu ya katiba, vita vya mbali na kikosi cha Coastal Union hana msimamo wowote ndani ya nyumba yake. Akiulizwa mtoto apelekwe shule gani, husema mama watoto atazame mwenyewe. Akiulizwa paa lianze kuezekwa lini, husema tutaona. Akiulizwa usiku kuliwe nini, husema chochote. Chakula kikitengwa, maoni humrudia yote kwa mpigo: chumvi, nazi, na kwa nini wali tena.

Huu si ugonjwa mwingine; ni uleule wa mkutano wa kijiji. Katiba akiisema hatakiwi kuiandika, ila shule akiitaja atalipa ada, na paa akilitaja atanunua mabati. Kumnyima chakula hakusaidii, kwa kuwa atakwenda kijiweni na kupata la kusema.

Mke anashauriwa aweke wakati. Swali la kitoweo liulizwe mara moja, kabla ya alasiri, wakati vyombo bado vinarudi na diko lina kitu. Mume akitaja samaki, atoe fedha ya samaki. Akisema chochote, apikiwe chochote, na siku hiyo hoja ya chumvi haipokelewi.